Gololi, mchanga na maganda ya korosho: dhana potofu kuhusu punje za kung'arishia vito

Punje zangu za kwanza nilizipata gereji. Zilikuwa gololi za beringi, kilo moja kasorobo, bado zimelowa grisi. Fundi aliyeniuzia aliniambia, "Dada, hizi utawarithisha wajukuu." Nikaziosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, nikazitia kwenye pipa la mashine ya kung'arishia, lile linalozunguka ili punje ziporomoke juu ya vito, pamoja na pete tisa za fedha, nikawasha saa mbili usiku. Saa tano umeme ukakatika. Asubuhi nilipofungua kifuniko, maji yalikuwa kama chai ya rangi, gololi zimeota kutu, na pete zote tisa zina vidoa kama uso wa mtu aliyetoka kuugua tetekuwanga. Nilishinda siku mbili na msasa mkononi.

Tangu siku ile nimesikia mengi kuhusu kitu gani kitiwe kwenye pipa: kwa mafundi wenzangu, kwa wauza vifaa, na kwa vijana wanaokuja karakana wakiwa wameshaangalia video tatu. Nayaandika hapa yale yanayorudi kila mara.

"Punje ni punje, zote zinang'arisha"

Hii ndiyo mama yao. Punje ziko za namna mbili, na kazi zao hazifanani hata kidogo. Kuna zinazokula na kuna zinazokandamiza.

Zinazokula ni zile za kauri au plastiki zilizochanganywa na unga mkali ndani yake, mara nyingi zenye umbo la piramidi, koni au kipande cha pembetatu. Zinapozunguka zinasugua madini na kuondoa tabaka jembamba, kama msasa unavyofanya. (Msasa wenyewe, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni jina la mti wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo maseremala walisugulia mbao.) Kauri ni nzito na inakula haraka, plastiki ni nyepesi, haiumizi kingo, kwa hiyo inafaa fedha kuliko kauri.

Zinazokandamiza ni punje za chuma cha pua (stenlesi) zilizo laini juu kama kioo, na pia vijigololi vya kauri nyeupe isiyo na unga mkali. Hizi haziondoi kitu. Chuma cha pua kina uzito karibu mara nane ya maji, na fedha ni laini, kipimo chake cha ugumu kwenye skeli ya Mohs (1 ni laini kabisa, 10 ni almasi) hakizidi 3. Kila punje inapoangukia pete inalalia kipande kidogo mno cha uso wake na kukibana. Ikipigwa hivyo mara maelfu kwa maelfu, uso mzima unalala na kuanza kuakisi mwanga.

Sasa chukua pete uliyoipiga tupa jana, mistari bado inaonekana, uitupe kwenye pipa lenye punje za chuma. Baada ya saa mbili itatoka inameremeta, na mistari ya tupa itameremeta pia. Mkwaruzo haufutwi kwa kubanwa. Unang'arishwa tu, na ukishang'aa mteja anauona akiwa mlangoni. Nimeona watu wakilaumu mashine, wakabadilisha sabuni, wakaongeza saa, kumbe walichokosa ni dakika kumi za msasa namba 400, kisha 600, kisha 1000, kabla ya pipa. Anayetaka mashine imfanyie na hiyo kazi aanze na punje zinazokula, aoshe vizuri, ndipo ahamie kwenye chuma.

Halafu pipa lenyewe. Unga mkali unaingia kwenye mpira wa pipa na hautoki kwa kusuuza. Ukitumia pipa hilohilo kwa chuma, utakuwa unang'arisha na kukwaruza kwa wakati mmoja, na hutajua ni nini kinakuharibia. Pipa la kula liwe lake, la kukandamiza liwe lake. Mimi nimeyaandika kwa rangi ya kucha.

"Gololi za beringi ni chuma safi, zinatosha"

Ni chuma kizuri kweli, kigumu sana, lakini kromiamu iliyomo kwa kawaida ni kama asilimia 1.5 tu. Ili chuma kiitwe kisichoshika kutu kinahitaji kromiamu angalau asilimia 10.5. Ndiyo maana gololi zangu hazikuvumilia usiku mmoja ndani ya maji yaliyotulia.

Chuma kinachoshika kutu si haramu. Wapo mafundi wanaotumia punje zake miaka na miaka kwa sababu ni rahisi bei, ila wanazitunza: wakimaliza kazi wanazisuuza na kuzikausha kabisa, au wanaziacha zimezama kwenye maji yenye magadi soda, maana kutu haipendi maji ya namna hiyo. Kwa mtu wa Dar au Mombasa, ambako hata kufuli la geti linaliwa na hewa ya chumvi, na umeme unaweza kukuaga katikati ya kazi, mimi nasema ongeza pesa ununue stenlesi. Utanunua mara moja.

Lakini tatizo la gololi si kutu peke yake. Ni umbo. Mpira wa mviringo unagusa mahali palipo wazi, basi. Kona ambapo waya wa kusokota umelala juu ya bangili, mpira haufiki. Ndiyo maana punje zinazouzwa kwa masonara huja zimechanganywa: gololi, vijiti vyembamba kama pini, na vingine vyenye ukingo katikati kama visahani viwili vilivyofunikana. Gololi zinashughulikia uso, pini zinaingia kwenye nakshi, na vile vyenye ukingo vinapita kwenye maungio. Wengine wanadhani ule mchanganyiko ni mabaki ya kiwandani. Sivyo.

Kabla hujatia pini, angalia matundu ya kazi yako. Pini iwe nyembamba zaidi ya tundu kwa mbali, au nene kiasi kwamba haiwezi kuingia kabisa. Inayokaribiana na tundu itaingia na kukwama, na mbili zikiingia pamoja zinabanana. Nimewahi kukaa saa nzima na sindano nikichokoa pini kutoka kwenye mkufu ambao ulinichukua saa mbili kuutengeneza.

"Sumaku ikizishika, umeuziwa feki"

Hili linaleta ugomvi madukani. Mnunuzi anakuja na sumaku mfukoni, punje zinarukia, anadai arudishiwe pesa. Stenlesi ziko aina nyingi. Zile ngumu zinazotumika kwa visu zinashikwa na sumaku kama kawaida, na hata zile zisizoshikwa zikishavutwa na kukatwa baridi kiwandani zinaweza kuanza kuvutwa kidogo. Kipimo kinachofaa ni rahisi: chukua punje chache, ziweke kwenye glasi ya maji yenye chumvi, zilale humo. Asubuhi kutu itajieleza.

"Kadiri inavyozunguka ndivyo inavyong'aa"

Kwa punje za chuma, kazi iliyosafishwa vizuri inapata sehemu kubwa ya mng'aro wake ndani ya saa moja au mbili. Ukizidisha sana, uso mpana ulio tambarare unaanza kuwa na vijibonyeo kama ganda la chungwa. Kwa punje zinazokula hasara ni kubwa zaidi, maana zinaendelea kula: herufi ulizochonga zinafifia na kingo zinaviringika. Fungua, angalia, funga. Haikugharimu kitu.

Hapohapo niseme kuhusu kujaza. Pipa likijaa, kitu hakiporomoki, kinajiviringisha pamoja kama mzigo. Nusu mpaka theluthi mbili inatosha, maji yapite juu ya punje kwa upana wa kidole hivi, na tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo. Kwa yale mapipa madogo ya kilo 1.4, ambayo wengi tunaanza nayo, kumbuka uzito huo ni wa kila kitu pamoja, na maji yakiwemo. Punje za nusu kilo hadi gramu 900 ndizo zinazolifaa.

"Ndimu kidogo kwenye maji inaongeza mng'aro"

Nalielewa linakotoka. Pwani tumelelewa tukiona sinia za shaba zikisuguliwa kwa ukwaju au ndimu, na zinang'aa kweli, kwa sababu asidi inayeyusha ule weusi wa juu. Ndani ya pipa mambo ni mengine. Asidi inaanza kula chuma, na kama kuna shaba iliyoyeyuka ndani ya maji hayo, kutoka kwenye herini za brasi au hata kwenye fedha yenyewe (fedha ya 925 ina asilimia 7.5 ya madini mengine, kwa kawaida shaba), basi shaba hiyo inashuka na kujipaka. Unafungua pipa unakuta fedha imekuwa ya waridi.

Ajali hiyohiyo inawapata wasiotia ndimu. Wameunganisha pete, wameichovya kwenye asidi ya kusafishia, wakaisuuza harakaharaka na kuitia pipani, na tone la asidi limebaki ndani ya kiungo. Suuza kwa maji yenye magadi soda kwanza. Sabuni nayo isiwe ya limau wala yenye klorini, kwani klorini inatoboa hata stenlesi.

"Pipa linaimarisha madini"

Kweli, kwa kina cha ngozi tu. Kubanwa kunakaza tabaka la juu, lakini ndani madini yanabaki vilevile. Ndoano ya herini uliyoichoma moto wakati wa kulehemu imelainika mpaka katikati, na pipa halitairudishia nguvu yake. Isokote kidogo kwa koleo, au igonge kwa nyundo juu ya chuma chenye uso laini. Pipa lije mwisho.

"Jiwe gumu halidhuriki"

Ugumu ni kutokwaruzika. Kutopasuka ni jambo jingine. Tanzanite ya Mererani ina ugumu wa 6 hadi 7, si haba, lakini ndani yake kuna upande mmoja ambao inapasuka kirahisi kama kuni iliyokatwa kufuata nyuzi. Sitaitia kwenye kilo nzima ya chuma kinachoporomoka hata ukinilipa. Lulu, marijani, kaharabu na feruzi hazifai kabisa. Zumaridi nyingi zimejazwa mafuta kwenye nyufa zake ili zionekane safi, na maji ya sabuni yanayatoa. Ng'arisha pete yenyewe kwanza, jiwe lipachikwe baadaye.

Mifupa na pembe za ng'ombe, kama zile zinazochongwa Kibera na kuunganishwa na brasi ya kufuli kuukuu, nazo zisiguse pipa la maji na chuma. Zinanyonya maji. Zinataka punje kavu na nyepesi.

"Mchanga wa bahari unatosha, na maganda yoyote yanafaa"

Mchanga wa pwani yetu ni mchanganyiko wa matumbawe yaliyosagika na kwatzi. Kwatzi ina ugumu wa 7, fedha haifiki hata nusu ya hapo, na kila chembe ina ukubwa wake na kona zake. Hautang'arisha, utakwaruza kila upande, na chumvi yake itabaki kazini.

Maganda ni habari tofauti. Maganda ya jozi yaliyosagwa, yakitiwa rangi nyekundu ya kupigia polishi, ni punje kavu nzuri sana kwa kumalizia, na magunzi ya mahindi yaliyosagwa yanakausha kazi vizuri baada ya maji. Hapo mtu wa Mtwara au Lindi anajiuliza kwa nini anunue jozi wakati maganda ya korosho yamejaa uani. Kwa sababu ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Waulize wabanguaji kwa nini wanapaka mikono majivu au mafuta kabla ya kuanza kazi. Mafuta hayo yatahamia kwenye herini, na kutoka kwenye herini hadi kwenye sikio la mteja.

Magunzi basi. Mimi nayapata kwenye mashine ya kusaga unga, nayapepeta kwa ungo kuondoa unga, nayaanika juani siku mbili. Kasoro yake ni moja: chembe zinaingia kwenye mikufu na kung'ang'ania, kwa hiyo kando ya mashine yangu kuna mswaki mkuukuu na pampu ya baiskeli.