Sauti ya Nani Juu ya Picha? Wanawake Waongozaji na Filamu za Makala

Kila tunapoonyesha filamu iitwayo These Hands, swali la kwanza kutoka kwa watazamaji huwa lilelile: "Msimulizi yuko wapi?" Watu wamekaa dakika 45 wakiwatazama wanawake wakigonga kokoto, na karibu muda wote hakuna mtu aliyewaambia waone nini. Wapo wanaodhani spika zetu zimeharibika. Spika ni nzima. Mwongozaji wa filamu hiyo, Flora M'mbugu-Schelling wa Tanzania, aliamua hivyo mwaka 1992. Uamuzi wake huo ndio ninaotaka kuueleza hapa, maana ukiuelewa, filamu nyingi za makala zilizoongozwa na wanawake wa ukanda wetu zitakufungukia.

Filamu ya makala huchanganywa na taarifa ya habari upande mmoja, na mchezo wa kuigiza upande wa pili. Watu wake ni watu wenyewe na mahali ni penyewe. Hata hivyo, yuko mtu aliyechagua kamera isimame wapi, iwashwe lini, kipi kibaki na kipi kikatwe wakati wa uhariri. Juu ya yote hayo, amechagua sauti ya nani isikike picha inapopita. Sisi watazamaji huiamini sauti hiyo kuliko tunavyojua. Mwonyeshe mama akichota maji kisimani. Msimulizi akisema mama huyu ni mvumilivu, utauona uvumilivu usoni pake. Akisema amedhulumiwa, utaiona dhuluma. Na picha ni ileile, haikubadilika hata chembe.

Afrika Mashariki tunayo historia ndefu ya sauti ya namna hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa majaribio ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu zipatazo 35, juu ya safura, mmomonyoko wa udongo, kuweka akiba posta na mambo ya aina hiyo, kisha wakazizungusha kwa lori hadi vijijini. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine za Waafrika, na santuri ikapigwa huku picha zikiendelea. Walioonekana ni Waafrika, lakini aliyeamua kisemwe nini ni mwingine. Mtindo wa mjuzi asiyeonekana kumfundisha anayeonekana haukuondoka na bendera ya mkoloni. Umeendelea kwenye filamu nyingi za uhamasishaji hadi leo, ambamo mama wa kijijini anapewa sentensi mbili, naye mtaalamu anapewa ishirini za kueleza maana ya zile mbili.

Sasa turudi Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, kwenye machimbo ya mawe.

Wanawake wa These Hands ni wakimbizi kutoka Msumbiji. Vita kati ya FRELIMO, chama kilichotawala, na waasi wa RENAMO viliwasukuma maelfu kwa maelfu kuvuka mpaka, na mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, mwaka uleule filamu hii ilipotoka. Mwongozaji angeweza kutuanzia na ramani, tarehe na mtaalamu wa wakimbizi. Ametuanzia na nyundo juu ya jiwe. Aliyewahi kukaa karibu na wagonga kokoto anaujua mlio ule: unaanza alfajiri, hauna haraka wala haukomi, na baada ya muda sikio huacha kuusikia kama linavyoacha kuisikia bahari. Filamu inalirudisha sikio lako pale. Watoto wako papo hapo, kwenye vumbi hilohilo, maana hakuna kwingine pa kuwaacha. Nyimbo zinaimbwa. Kwa kuwa huna wa kukueleza, unaanza kutazama vidole, unatazama jinsi jiwe linavyoshikwa ili nyundo isikosee. Hakuna aliyekutajia idadi ya saa za kazi, lakini mgongo wako mwenyewe kwenye kiti umeshaanza kuzihesabu. Na ukumbuke kwamba kokoto ni nusu ya zege. Nguzo na misingi mingi ya jiji lile ilipita kwanza kwenye mikono kama ile.

Kuna wanaolalamika kwamba filamu isiyo na maelezo humwacha gizani asiyeijua Kunduchi, na kwamba taabu ikipigwa picha kwa uzuri inaweza kugeuka pambo. Malalamiko hayo nayapokea. Lakini mimi nimeona wanafunzi wakitoka kwenye onyesho hilo wakibishana juu ya wanawake wale kwa saa nzima, wakiulizana wanalipwa kiasi gani, nani ananunua, kwa nini wao. Filamu yenye msimulizi ingewajibu yote hayo, nao wangekwenda zao.

Je, ni uanawake wa mwongozaji unaoleta tofauti? Hapa lazima tuwe waangalifu. Kwenye nyumba za pwani, mgeni mwanamume huishia barazani. Mazungumzo ya uani, jikoni, chumba cha biharusi na shughuli za unyago yana milango yake, na kamera ya mwanamume imezoea kubaki nje ya milango hiyo, au kuingia ikiwa imeandaliwa vya kuonyeshwa. Mwanamke anaweza kukaribishwa ndani. Ila kukaribishwa ndani si sawa na kuaminiwa. Mwanamke msomi kutoka mjini, mwenye kamera ya thamani kuliko nyumba aliyoingia, bado ni mgeni mkubwa. Wengi wa waongozaji ninaowaheshimu wamejua hivyo, na wamekaa muda mrefu kabla ya kuwasha chochote.

Mwaka 2007 Florence Ayisi, mzaliwa wa Kameruni, alitoa filamu ya Zanzibar Soccer Queens, kuhusu timu ya soka ya wanawake wa Unguja iitwayo Women Fighters. Yeye hakuwa Mzanzibari wala si mtu wa pwani. Njia aliyoishika ni kuwaachia wachezaji wenyewe waseme juu ya mpira, dini, mavazi na nafasi ya mwanamke katika jamii yao. Mtazamaji wa mbali alitarajia kuona Uislamu upande huu na mpira upande ule. Anachokutana nacho ni wanawake Waislamu wanaocheza mpira, wenye hoja zao, wanaojua kabisa majirani wanasema nini.

Filamu inayonigusa kuliko zote, na ambayo ningependa kila ukoo wa pwani uitazame pamoja, ni The Letter ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Maia Lekow wa Kenya pamoja na Christopher King. Kijana anayeishi mjini anakuta bibi yake ameitwa mchawi kwenye Facebook. Anarudi kijijini, Kilifi, kutafuta ukweli. Bibi mwenyewe amepita miaka tisini. Barua ya tuhuma imetoka ndani ya ukoo, haikutoka kwa adui wa mbali, na nyuma ya barua kuna shamba.

Sisi tunaofuatilia mambo haya tunajua kwamba Kilifi mvi zimegeuzwa ushahidi. Wazee wamekatwa mapanga na wengine wamekimbia makwao. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotuhumiwa. Upande wa Tanzania, Usukumani, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo moshi wa miaka mingi jikoni unatosha kabisa kuyafanya mekundu. Mambo haya yameandikwa kwenye magazeti na ripoti kwa miaka mingi. Kwa hiyo The Letter haikuleta habari mpya. Ilileta mahali pa kusimama: katikati ya familia, ambapo mtuhumiwa na wanaomtuhumu wanaitana shangazi, baba mdogo, bibi. Hakuna profesa wa kutufafanulia uchawi. Mjukuu anauliza, watu wa ukoo wanajibu kwa maneno yao, na unaposikia mtu mzima mwenye heshima zake, muumini wa kanisa, akimzungumzia mama mzee kwa woga, huwezi kumweka kwenye kundi la "watu wa giza" ukalala usingizi. Anafanana mno na mjomba wako. Kenya iliiteua filamu hii kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar, na ilistahili. Mimi hata hivyo naamini mahali pake hasa ni kwenye vikao vya familia kabla ya kugawa mashamba.

Beryl Magoko amekwenda mbali zaidi katika kuikaribia sauti. Ni binti wa Wakuria, jamii iliyogawanywa na mpaka kati ya Migori, Kenya, na Tarime, Tanzania. Filamu yake ya The Cut, mwaka 2012, ilihusu ukeketaji katika jamii yake. Katika In Search ya mwaka 2018, aliyesimama mbele ya kamera ni yeye mwenyewe. Alipokuwa mdogo aliamini wanawake wote duniani wamekeketwa, naye akakubali. Sasa ni mtu mzima anayejiuliza kama afanyiwe upasuaji wa kurekebisha kilichoharibiwa, na anawaendea wanawake wengine waliopita njia hiyo ili kuzungumza nao.

Sheria tunazo. Tanzania ilifanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai mwaka 1998, na Kenya ikapitisha sheria yake mahususi mwaka 2011. Elimu yetu kwa umma kuhusu jambo hili imeegemea mno kwenye sheria na picha za kutisha, ambazo mara nyingi zinaonyesha mwili wa mtoto ambaye hakuulizwa. Magoko ameonyesha kwamba inawezekana kulisema jambo zito kuliko yote bila kumvua mtu mwingine nguo, kwa sababu siri anayoitoa ni yake. Tena anazungumza kuhusu miaka inayofuata, ile ambayo kampeni haina muda nayo: ndoa, uzazi, aibu, hasira, na hamu ya kurudishiwa kilicho chako.

Lupita Nyong'o, kabla hajajulikana kwa uigizaji, aliongoza In My Genes mwaka 2009, kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya. Ulikuwa wakati ambao watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa Tanzania kwa ajili ya viungo vyao, na habari karibu zote zilikuwa za maiti. Yeye aliwatafuta walio hai: wasimulie shule, kazi, jua, mapenzi. Ni katika miaka hiyohiyo neno "zeruzeru" lilianza kutoka kwenye midomo ya watangazaji na nafasi yake kuchukuliwa na "mtu mwenye ualbino". Naamini lugha haibadilishwi na waraka peke yake. Inabadilika mtu anapomsikia anayetajwa akijitaja mwenyewe.

Siku hizi vijana wengi wanatengeneza makala kwa simu, na hilo linanifurahisha. Ombi langu ni kwamba ridhaa isiishie kwenye saini. Mama aliyekubali kupigwa picha Jumatatu huenda hakujua kwamba Ijumaa watu elfu kumi watakuwa wakimjadili. Mrudishie picha aione kabla ya wengine. Mwache aongee lugha anayowazia, iwe Kigiriama, Kisukuma au Kikuria, kisha uandike tafsiri chini. Tafsiri inayosomwa kwa sauti kubwa juu ya sauti yake humzima, na hapo umerudi Vugiri. Ukiona bado unahitaji msimulizi, jiulize kuna nani ndani ya picha anayeweza kuifanya kazi hiyo.

Kazi hizi ni ngumu kuzipata. Tamasha la Filamu la Zanzibar, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1998 na kuonyesha filamu zake Ngome Kongwe, limekuwa mojawapo ya milango michache ya kuziona hadharani. Nairobi kuna DocuBox, mfuko ulioanzishwa na mwongozaji Judy Kibinge kuwasaidia watengenezaji wa makala wa Afrika Mashariki. Runinga zetu hununua makala chache, na nakala za filamu za zamani ziko Ulaya na Marekani kuliko zilivyo Dodoma au Mombasa.

Ndiyo maana nazungumza pia na wenye makabati. Ziko kanda nyumbani kwa watu: za unyago, harusi, lelemama, mahojiano ambayo dada au shangazi aliyefanya kazi ya habari aliyarekodi miaka ya themanini na tisini. Unyevu wa pwani unazila. Kanda ya video yenye ukungu mweupe usiitie kwenye deki kuijaribu, inaweza kukatika na kuichafua deki pia. Isimamishe wima kama kitabu, mahali pakavu penye ubaridi, mbali na spika na kitu chochote chenye sumaku. Filamu ya zamani ikinuka kama siki imeshaanza kuoza, itenge na nyingine na uitafutie mtaalamu wa hifadhi upesi. Kisha, kabla ya lolote lingine, mketishe mtu anayekumbuka, uchukue karatasi, uandike nani anaongea humo, anaongea lugha gani, ni wapi, ni mwaka gani, na wimbo ule ni wa ngoma ipi. Karatasi hiyo iweke ndani ya kasha pamoja na kanda.