Tmux haizuii kazi kupotea seva ikizimwa

Wengi wanaoanza kutumia tmux, programu inayoendesha amri za terminal hata ukiondoka kwenye skrini, huamini kwamba kazi iliyo ndani yake haipotei kamwe, hata mashine ikiwashwa upya. Sivyo.

Tmux, iliyotoka mwaka 2007, ina sehemu mbili: skrini unayoitazama, na mchakato ulio nyuma yake, ulioshikilia amri zako zote. Bonyeza Ctrl-b, achia, kisha d. Skrini inaondoka, mchakato unabaki. Mtandao ukikatika ni vivyo hivyo. Ukirudi na kuandika tmux attach, faili uliloliacha likinakiliwa, likiwa asilimia 40, unalikuta limeshafika 90.

Lakini mchakato huo unaishi kwenye kumbukumbu ya mashine. Mashine ikizimwa, nao unakufa pamoja na kila ulichokuwa ukiendesha. Kazi inayopaswa kurudi yenyewe ikabidhi systemd, programu ya Linux inayoanzisha huduma mashine inapowaka.

Na hapa ndipo watu huumia zaidi: wanafungua tmux kwenye kompyuta yao, halafu ndani yake wanaingia kwenye seva kwa ssh, yaani njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali kupitia mtandao. Muunganisho ukikatika, kazi ya kwenye seva kwa kawaida hukatika nao, maana tmux iko upande usio wake. Ingia kwenye seva kwanza, ndipo uifungue.