Toleo Jipya la Kitabu cha Tiba: Ununue au Ubaki na la Zamani?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wa udaktari hutujia maktaba na swali lilelile: "Toleo jipya limetoka. Hiki nilichoachiwa na kaka nikitupe?" Nami huuliza: ni kitabu cha somo gani?

Kama ni cha anatomia, tunza hela yako. Mfupa wa paja haujahama. Kinachobadilika zaidi ni michoro, picha za CT na majina machache, kwa hiyo hata cha mtumba cha miaka kumi iliyopita kitakuvusha.

Kwenye magonjwa na dawa mambo ni mengine. Chukua malaria kali. Kitabu kilichoandikwa miaka ya 1990 kitakuambia uanze na dripu ya kwinini. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda: waliotibiwa kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliochomwa sindano ya artesunate asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunate kwa watoto pia. Kwa watu wazima lilikwisha kufanya hivyo tangu 2006. VVU ni vivyo hivyo. Kabla ya 2015 vitabu vilikuwa bado vinakuelekeza usubiri CD4 (idadi ya chembe za kinga kwenye damu) ishuke ndipo uanze dawa, ilhali sasa anayekutwa na virusi anaanzishiwa bila kusubiri.

Basi kabla hujatoa pesa, azima toleo jipya maktaba kwa saa moja. Soma dibaji, kisha fungua sura mbili unazozitumia wodini ulinganishe majedwali ya matibabu. Yakifanana, umeokoa pesa. Na usidanganywe na mwaka ulioandikwa kwenye jalada, kwani kitabu kinene huandikwa na kuhaririwa muda mrefu kabla ya kufika kiwandani. Hata kipya kabisa kimeshapitwa mahali fulani.

Ndiyo maana dozi ya mgonjwa haichukuliwi kwenye kitabu cha kiada, kiwe kipya namna gani. Hiyo itafute kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa. Muulize pia mkutubi kama chuo chenu kimesajiliwa HINARI, mpango wa vitabu na majarida ya tiba mtandaoni ulioanzishwa 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji. Vitabu vingi utavisoma humo bila kununua hata kimoja.