Je, wajua? Gari la namba E linaweza kuwa kaka mkubwa wa gari la namba B

Fundi aliuliza swali moja tu kabla hajafungua boneti. "Kaka, gari la mwaka gani hili?" Nikamjibu bila wasiwasi: "Namba D." Akanitazama kidogo. "Sijauliza namba. Nimeuliza mwaka."

Ilikuwa gereji moja ya Kizota, hapa Dodoma, siku ya tatu tangu ninunue Toyota IST yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeilipia karibu milioni moja na nusu zaidi ya IST nyingine niliyoiona Area C na kuiacha, kisa ile ilikuwa namba C. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: C ya zamani, D mpya, na kipya ghali. Dalali naye hakunikatalia: "Bosi wangu, hii ni D ya mwisho, ukiiacha jioni huikuti." Kadi ya gari ilikuwa mfukoni mwangu muda wote huo. Fundi akaifungua, akaweka kidole chenye grisi kwenye mstari wa mwaka wa kutengenezwa: 2004. Ile ya namba C niliyoidharau, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa ya 2006.

Namba za magari ya kawaida Tanzania, yaani T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu, hutolewa kwa kufuatana. Zikiisha zile ambazo herufi zake tatu zinaanza na A zinaingia za B, kisha C, D, na sasa E. Gari likisajiliwa leo TRA linapewa namba inayofuata kwenye mstari, liwe limetoka kiwandani mwaka jana au limetoka wakati baba yako bado ana nywele. Namba inasema ni lini gari lilisajiliwa hapa. Lilizaliwa lini, haijui.

Ukitaka kuliona hili vizuri, nenda Jumamosi mnada wa Msalato ukatazame watu wanavyonunua ng'ombe. Mnunuzi anayejua kazi yake hamuulizi mchungaji ng'ombe kaingia mnadani saa ngapi, wala haangalii chapa ubavuni akadhani amejua umri. Anamshika taya, anamfungua mdomo, anahesabu meno ya mbele ya chini. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani huota ng'ombe akiwa na miaka kama miwili, na jozi zote nne huwa zimekamilika kwenye mwaka wa nne au wa tano. Baada ya hapo anaangalia yamelika kiasi gani. Chapa ingeweza kupigwa jana kwa dume la miaka 9, na bado ingeng'aa. Namba ya gari ni chapa. Mimi nilinunua dume zee kwa sababu chapa yake ilikuwa mbichi.

Mkenya akisoma hapa anaweza kushangaa, maana kwao kosa hili ni dogo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo namba mpya kule ina dhamana fulani ndani yake. Sisi hatujaweka ukomo huo. Tunatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, ambao kwa magari madogo unaanza gari likifikisha miaka 8 na kupanda likivuka 10, lakini ukilipa, gari linapita. Na kwa kuwa gari kuukuu hununuliwa kwa bei ndogo Japani, mara nyingi hesabu bado inamlipa mwagizaji hata baada ya ushuru huo.

IST yenyewe ni ushahidi mzuri, kwa sababu umbo lake linasema kabla kadi haijafunguliwa. Umbo la kwanza lilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, kisha likaja la pili. Ukikutana na IST ya umbo la kwanza imevaa namba E inayometameta, huna haja ya fundi kujua kwamba ilipiga honi yake ya kwanza 2007 au kabla. Iliyobaki ni kujua kabla kwa kiasi gani.

Dodoma tuna chanzo kingine cha namba changa kwenye magari ya zamani. Tangu serikali ianze kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, mji umejaa magari ya serikali, yale ya namba STK na wenzake. Gari la umma likichoka huuzwa kwa mnada, mnunuzi hulisajili kwa jina lake, na hapo ndipo linapata namba ya T kwa mara ya kwanza. Land Cruiser iliyokwishazunguka vijiji vya Kondoa na Mpwapwa kwa miaka 12 inaweza kusimama kando ya barabara ya Singida na namba ya mwezi uliopita. Wengi wetu hapo husema "bado mpya hii", tukiwa tunaitazama bampa.

Je, namba haina maana kabisa? Ina maana. Gari lina saa mbili. Ya kwanza ilianza kutembea siku lilipotoka kiwandani, nayo inahesabu vitu vinavyozeeka hata gari likiwa limelala. Ya pili ilianza lilipogusa barabara zetu: shokapu, bushi, boljointi, vitu vinavyouawa na makorongo na matuta. Namba inakusomea saa ya pili, tena kwa makadirio tu. D pekee ilidumu miaka mingi, kwa hiyo DA na DZ hazilingani. Na miaka 3 ya mwalimu mstaafu wa Kisasa anayekwenda kanisani na sokoni si sawa na miaka 3 ya mtu wa kubeba abiria kwenda Chemba.

Saa ya kwanza ndiyo niliyoipuuza, na ndiyo iliyonila. Chukua ndala mpya, zitupe juu ya bati la nyumba ya Dodoma, uzisahau kwa jua la misimu miwili. Siku utakapozivaa zitakatika kwenye kidole, na hazijatembea hata hatua moja. Oksijeni, joto na jua vimekuwa vikikata na kukaza minyororo midogo inayoupa mpira ulaini wake, huku mafuta yaliyochanganywa kiwandani ili uwe laini yakitoka polepole. Mpira haujui kilomita. Paipu za rejeta, mipira ya milango, sili za injini, ngozi ya waya: vyote hivyo ni ndala juu ya bati. Ndiyo maana gari la 2004 lenye kilomita chache linaweza kuvujisha mafuta sehemu nne ilhali la 2010 lililotembea mara mbili yake likawa kavu. Silisemi hili kama kanuni. Gari lililotunzwa kivulini na kubadilishiwa vipuri kwa wakati huivunja kila siku.

Meno ya gari basi yako wapi? La kwanza ni kadi, ambayo aibu inanizuia kuizungumzia zaidi. Isipokuwa kwamba karatasi za Japani hutaja mwezi gari liliposajiliwa mara ya kwanza kule, na gari linaweza kuwa lilikaa kidogo tangu litoke kiwandani, kwa hiyo usigombane na mtu kwa tofauti ya miezi. Linganisha pia namba ya chasisi kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye kadi. Kwa IST ya umbo la kwanza, inayoanza na NCP60 ni ya cc 1300, NCP61 ni ya cc 1500. Kuna anayeuza ya kwanza kwa bei ya pili, labda bila kujua.

La pili ni mkanda wa dereva. Uvute wote, halafu tafuta kitambaa kidogo cha lebo karibu na sakafu. Mara nyingi kina mwaka mkanda ulipotengenezwa, ambao huwa jirani sana na mwaka wa gari. Mkanda mmoja ukiwa mdogo kwa miaka mingi kuliko wenzake, umebadilishwa, na mkanda haubadilishwi kwa urembo. Uliza gari lilipiga mzinga wapi.

Matairi yana tarakimu nne kwenye duara dogo: 3419 ni wiki ya 34 ya mwaka 2019. Hizo hazikuambii umri wa gari, ila zinakuambia kama kuna laki kadhaa za kukata kwenye bei.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni stika za kubadilisha oili. Mafundi wa Japani hubandika kikaratasi kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, wakiandika tarehe na kilomita, na wenye yadi husahau kukibandua kwa sababu hawakisomi. Changu kilikuwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kimepauka, kalamu ya bluu: 24, kisha mwezi na siku, halafu 96,200. Hiyo 24 si siku ya mwezi. Ni mwaka wa enzi ya Heisei, kwa kalenda ya Kijapani. Ongeza 1988 unapata 2012. Yaani mwaka 2012 gari langu lilikuwa limegusa kilomita elfu tisini na kitu. Dashibodi yangu ilikuwa inasoma 74,000.

Nilitaka kurudi kwa dalali siku ile ile, fundi akanituliza. Stika nyingine huandika kilomita za oili inayofuata, si ya leo, kwa hiyo ondoa kama 5,000 kabla hujamwita mtu mwizi. Tena dashibodi inaweza kuwa iliungua ikabadilishwa kwa nia njema. Niliondoa 5,000. Bado haikukaa sawa.

Mengine unayajua au fundi wako anayajua: liwashwe injini ikiwa baridi, kwa hiyo gusa boneti kwanza, moshi wa bluu ni oili inayoungua, mvuke mweupe kidogo asubuhi ya Julai Dodoma ni baridi tu, usipokoma ndipo uulize habari za maji ya rejeta.

Kuhusu bei, hapa ndipo uajabu wa jambo lenyewe ulipo. Namba haipimi uzima wa gari, lakini inapima bei kwa usahihi mkubwa, kwa sababu sisi sote tunaamini inapima uzima. Anayejua ukweli bado atalipia namba mpya, maana siku ya kuuza atakutana na asiyejua. Noti nayo hufanya kazi hivyo hivyo.

Nilipoiuza IST yangu, niliandika tangazo kwa uaminifu wote. Mwaka 2004 niliuweka, mstari wa tatu. Mstari wa kwanza ulisomeka "Namba D". Walipiga simu watu 11. Tisa waliuliza kama ni D ya mwanzo au ya mwisho, mmoja alitaka kubadilishana na kiwanja Nala, na mmoja akauliza mwaka. Huyo wa mwisho alikuja na fundi wake. Fundi hakusalimia hata, akafungua mlango wa dereva na kuinama kutazama nguzo.