Je, wajua kwa nini programu ya kupimia ramani haijui nyumba ina ukubwa gani?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ukifungua ramani ya nyumba kwenye programu kama PlanSwift au Bluebeam, kompyuta inakuwa tayari inajua ukuta ule una mita ngapi, wewe kazi yako kubofya tu na namba zinatoka. Nilikosea, na wengi wanaoanza makadirio wanaamini hivyohivyo, maana namba inatoka na desimali mbili, inaonekana ina uhakika kabisa. Kumbe kompyuta haioni ukuta. Inaona mstari kwenye karatasi, basi.

Kazi yenyewe ni ileile ya zamani: mkadiriaji majenzi alikuwa anatandaza ramani mezani, rula ya skeli mkononi, anapima na kuandika mpaka anapata BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa vyote vya ujenzi pamoja na vipimo vyake. Sasa unabofya kona za chumba kwenye skrini, programu inafunga umbo na kukupa skwea mita, ulichokwisha kupima kinabaki na rangi ili usikipime tena.

Siri iko kwenye skeli, yaani uwiano kati ya mchoro na nyumba yenyewe. Karatasi ya PDF inapimwa kwa pointi, pointi 72 kwenye inchi moja. Ukuta wa mita 12 ukichorwa kwa skeli ya 1:100 unachukua milimita 120 za karatasi, yaani kama pointi 340. Hiyo 340 ndo kitu pekee ambacho kompyuta inakijua kwa uhakika. Mita 12 inazipata pale wewe unapoiambia.

Chukua mfano wa fundi cherehani uliyemtumia picha yako kwa simu ili akushonee shati. Kwenye picha mabega yako yana upana wa vidole viwili, atafanya nini na hilo? Hawezi kitu. Ila ukisimama kwenye picha umeshika futi kamba iliyonyooka, sasa ana pa kuanzia, anaangalia sentimita 50 za futi zimechukua nafasi gani kwenye picha halafu kila kitu kingine anakilinganisha na hapo. Ndivyo programu inavyofanya ukiipa skeli: unabofya ncha mbili za kitu ambacho kipimo chake kimeandikwa kwenye ramani, unaandika mita 12, yenyewe inagawanya na kupata kila pointi ni sentimita ngapi za nyumba.

Hapo mtu atasema, sasa si pembeni pameandikwa 1:100, naiambia hivyo inatosha? Mimi pia nilidhani hivyo. Yale maandishi yanasema kweli kwenye karatasi ya saizi aliyochorea mchoraji tu. Ramani ya A1 ikipunguzwa kuwa A3 urefu wote unakuwa nusu, 1:100 imegeuka 1:200 lakini maandishi pembeni bado yanasema 1:100. Hilo kosa angalau ni kubwa, ukuta wa mita 12 ukisoma 6 utashtuka. Baya zaidi ni lile dogo, pale mtu alipoitoa PDF kwa ile seting ya kubana mchoro uingie kwenye karatasi, ukapungua asilimia 3. Ukuta unasoma mita 11.64. Nani atashtuka?

Na hapa ndo pananifurahisha, kosa hilo moja haliharibu BOQ kwa usawa. Milango uliyohesabu iko sawa kabisa, maana kuhesabu hakutegemei skeli. Urefu wa msingi umepungua asilimia 3. Sakafu imepungua karibu 6, kwa sababu eneo ni urefu mara upana na vyote viwili vimepungua, kwa hiyo sakafu ya skwea mita 200 inasoma 188 na tailizi za skwea mita 12 hazimo kwenye bajeti. Zege la sakafu ungetegemea lipungue 9, lakini hapana, nalo ni 6, kwa kuwa unene wa sentimita 15 umeuandika mwenyewe kwa mkono, haukupimwa kwenye ramani. Ukiangalia jumla peke yake huoni kitu.

Kuna jingine kwenye huo ubofyaji. Mkono ukiteleza kidogo, tuseme sentimita 2 za nyumba, kosa hilo ni lilelile ubofye mlango au ubofye jengo zima. Kwenye mlango wa sentimita 90 sentimita 2 ni zaidi ya asilimia 2, na asilimia hizo zinaingia kwenye kila utakachopima baadaye. Kwenye kipimo cha mita 20 ni asilimia 0.1 tu. Kwa hiyo chagua kipimo kirefu kuliko vyote kwenye ukurasa, na ukivuta skrini karibu kabla ya kubofya ndo vizuri zaidi.

Si mafaili yote yako hivi, lakini. Mchoro wa DWG, faili la programu za kuchorea kama AutoCAD, kwa kawaida unachorwa kwa ukubwa halisi wa jengo, na baadhi ya PDF zinabeba skeli ndani yake. Hata hizo mimi nazihakiki, maana mchoraji anaweza kuwa amebadilisha kipimo kwa kuandika tu bila kuugusa mstari, ndo maana ramani nyingi zina onyo kwamba usipime kwa rula, fuata vipimo vilivyoandikwa.

Ramani iliyoskaniwa ndo ya kuangalia zaidi, kwa sababu karatasi ikivutwa vibaya kwenye mashine inaweza kurefuka upande mmoja tu. Ukishaweka skeli kwa ukuta uliolala kwenye karatasi, pima na uliosimama, halafu linganisha na namba iliyoandikwa. Zikitofautiana, zipo programu zinazokuruhusu kuweka skeli mbili kwenye ukurasa mmoja, moja ya kulala na moja ya kusimama. Na kila ukurasa mpya unaweka skeli upya, kwa sababu ukurasa wa choo na ule wa jengo zima mara nyingi hazikuchorwa kwa skeli moja.