Chaina grasi si jelatini: tunapokosea kwenye faluda

"Jeli ni jeli tu." Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Jelatini ni protini ya ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe au ng'ombe. Chaina grasi, yaani aga-aga, ni aina ya wanga inayotoka kwenye mwani mwekundu. Ukipika faluda yako, ile jeli tamu ya maziwa, kwa tui la nazi badala ya maziwa, hakuna hata tone la mnyama ndani yake.

"Koroga kwenye maji ya moto, basi." Hiyo ni kanuni ya jelatini. Aga haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzijoto 85 za Selsiasi au zaidi, kwa hiyo lazima ichemke. Aga ya vinyuzi nailoweka kwanza, kisha naichemsha kwa moto mdogo kama dakika kumi. Nachota kidogo, nakiinamisha kijiko kwenye mwanga: nikiona vichembe vinang'aa, bado. Tui nalo nalipasha kabla ya kulichanganya. Siku moja nililimimina likiwa baridi, limetoka kwenye friji; aga ikaganda papo hapo, sufuria nzima ikawa vinyuzi kama tambi zilizovurugwa. Sikuitupa. Niliirudisha jikoni ikachemka upya, ikawa faluda kama kawaida.

"Bila friji haigandi." Huganda ikishapoa kufikia nyuzijoto 32 hadi 40, kwa hiyo hata mezani huganda, joto la Dar na vyote. Na ikishaganda, jua la mchana haliiyeyushi. Sifa hiyo ndiyo iliyoipeleka maabara: mnamo 1881 Fanny Hesse, aliyekuwa akiitumia jikoni kwake Ujerumani, alimshauri mumewe, mtafiti wa bakteria, aitumie badala ya jelatini iliyokuwa ikimyeyukia. Maabara zinaitumia hadi leo.

"Nanasi bichi linaharibu jeli." Linaharibu ya jelatini, kwa sababu lina kimeng'enya kinachokata protini, papai bichi vilevile. Aga haina protini ya kukatwa. Adui yake ni uchachu: ukiichemsha pamoja na ndimu au ukwaju, inalegea. Kamulia ndimu ukishazima moto.

Kipimo? Kijiko kimoja cha chai cha unga wa aga, kama gramu 2, kwa kikombe cha mililita 250 kinatoa jeli ngumu ya kukata vipande. Mimi napunguza kidogo. Ikizidi, unatafuna raba.

Halafu kuna hili ninaloambiwa kila Ramadhani: "Chaina grasi ni mwani wetu wa Paje." Hapana. Mwani wa Zanzibar, unaolimwa kibiashara tangu 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake, ni wa aina ziitwazo spinosamu na kotonii. Aina hizo hutoa karajinani, kigandishi kingine kinachotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Ukiuchemsha utapata ute unaoganda kweli, ila kipimo cha chaina grasi hakikufai hapo.