Kitu Kinaporushwa: Dhana Potofu na Ukweli

"Mpira unaendelea kusukumwa na teke mpaka nguvu yake iishe."
Mpira ukishaachana na mguu, kani ya teke (yaani msukumo wake) haipo tena. Ukiupuuza ukinzani wa hewa, inabaki kani moja tu, uzito wa mpira, nayo inavuta chini. Kwenda mbele hakuhitaji kani. Mpira unakwenda kwa sababu hakuna cha kuuzuia. Ukichora mshale wa kani unaoelekea mbele, swali limeshakuponyoka kabla hujaanza hesabu.

"Kileleni kitu kinasimama, kwa hiyo mchapuko ni sifuri."
Mchapuko ni kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde. Kinachofika sifuri ni kasi ya wima peke yake. Kasi ya mlalo iko vilevile, na mchapuko ni 9.8 m/s² kuelekea chini njia nzima. Ungekuwa sifuri pale juu na kubaki hivyo, kitu kingenyoosha mlalo kisishuke kamwe.

"Kizito hutua mapema."
Bila hewa, kilo hazimo kabisa kwenye milinganyo. Tuendelee.

"Umbali wa mlalo ni v² sin 2θ ÷ g, siku zote."
Hapa v ni kasi ya kurushia, θ ni pembe juu ya mlalo, na g ni ule mchapuko wa 9.8 m/s². Hapa ndipo maksi nyingi hupotelea. Chukua jiwe lililorushwa kutoka juu ya paa la mita 15, kwa kasi ya 20 m/s, nyuzi 30 juu ya mlalo. Fomula hiyo inakupa mita 35.3, lakini inafaa tu kitu kinapotua usawa uleule kilikorushwa. Jiwe letu bado lina mita 15 za kushuka.

Basi gawa kasi kwanza: wima 10 m/s, mlalo 17.3 m/s. Juu iwe chanya, t iwe muda wa kuwa hewani (4.9 ni nusu ya 9.8):

−15 = 10t − 4.9t²

(Ile alama ya kutoa kwenye 15 husahaulika kuliko kitu kingine chochote.) Unapata t = 3.05 s, jibu la pili ni hasi, liache. Muda huo ndio unaounganisha wima na mlalo: 17.3 × 3.05, yaani mita 52.8.

"Nyuzi 45 ndizo hufika mbali zaidi."
Kwenye usawa mmoja bila hewa, ndiyo. Kutoka juu ya paa lile, pembe bora ni kama nyuzi 37, jiwe linafika mita 53.8. Kwa nyuzi 45 lingeishia mita 52.5, nyuma hata ya lile la nyuzi 30.